Mbavu, mafuta na mizani: ubishi wa buchari za Wamagana

*Mmoja anataka mbavu zenye mafuta, mwingine anataka mnofu mtupu, na wote wawili wanalipa bei moja. Katika miji ya Mlima Kenya, ladha ya nyama ni jambo la afya, la mfuko na la haki.*

Jumamosi jioni, baridi ya milima ya Nyandarua inapoanza kuteremka Tetu, katika kaunti ya Nyeri, buchari za Wamagana hujaa. Nusu ya ng'ombe inaning'inia kwenye ndoano nyuma ya kioo, muhuri wa mkaguzi ukionekana pajani. Mfanyakazi wa nyuma ameshawasha makaa. Wateja wanatazama mbavu.

Hapo ndipo foleni hugawanyika. Yuko anayeonyesha kwa kidole: "Nikatie hapo chini, penye mafuta." Anayemfuata husema kabla hajafikiwa: "Mimi usiniwekee mafuta, nipe mnofu." Muuzaji anainua panga, anapiga, anatupa kipande kwenye mizani. Mizani inasoma kilo. Wote wawili wanalipa sawa.

Mwenye mbavu ataondoka na mifupa ambayo hataila. Mwenye mnofu ataongezewa kipande cha shingo ili uzito utimie, na atanung'unika hadi mlangoni. Ukisimama hapo kwa muda, utasikia kila upande ukimlaumu mwenzake. Walaji wa mafuta huwaona wenzao kuwa watu wa kuogopa chakula. Wapenda mnofu huwaona walaji wa mafuta kuwa watu wanaochimba kaburi kwa meno.

Mimi ni mla mbavu, na nasema hivyo mapema ili msomaji ajue ninaposimama. Lakini baada ya kuufuatilia ubishi huu, naona pande zote mbili zina haki ambayo buchari zetu haziwapi.

Ngoima kabla ya ng'ombe

Kwa wenyeji wa Nyeri, kupenda mafuta ni jambo la zamani kuliko buchari. Katika mila za Agikuyu, mnyama wa heshima alikuwa kondoo dume aliyenoneshwa, ngoima, aliyelishwa karibu na nyumba mpaka mafuta yakamjaa. Alichinjwa kwa shughuli kubwa, na mama aliyejifungua alilishwa nyama na mafuta ya kondoo ili arudishe nguvu. Mafuta hayohayo yalipakwa mwilini pamoja na udongo mwekundu.

Ng'ombe alikuwa mali na mahari. Hakuchinjwa ovyo. Nyama ya kila mara, ilipopatikana, ilikuwa ya mbuzi, na mgao wake ulikuwa na utaratibu: kiungo hiki ni cha wazee, hiki cha wanawake, hiki cha vijana. Hadi leo, katika ngurario, bega la mbuzi, yaani kiande, hukatwa mbele ya koo mbili, na bila hilo wazee wengi hawaihesabu ndoa kuwa imekamilika.

Kwa hiyo mtu hakwenda kuchagua kipande anachokipenda. Kipande kilimfuata kutokana na umri wake, jinsia yake na nafasi yake katika ukoo. Kuchagua mbavu kwa sababu tu unazipenda ni uhuru mpya kabisa.

Nyama yenyewe haikuwa nyingi. Mwaka 1931, John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha afya ya Wamaasai na Agikuyu. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu; Agikuyu waliishi kwa nafaka, viazi, maharagwe na ndizi. Watafiti hao waliandika kwamba wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu zaidi kwa wastani wa inchi 5, na wazito zaidi kwa ratili 23. Boyd Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Ripoti ile ilikuwa na macho ya kikoloni, na haikuuliza vya kutosha ardhi na mifugo ya Agikuyu vilikwenda wapi. Hata hivyo inatukumbusha jambo moja: babu zetu wa Tetu walikula githeri wiki nzima na mafuta siku ya sherehe. Tamaa ya mafuta iliyoko kwenye foleni ya Jumamosi imetoka kwenye uhaba huo.

Ng'ombe wa maziwa kwenye ndoano

Tetu haifugi ng'ombe wa nyama. Mashamba ni madogo, yamebanwa kati ya majani chai, kahawa na nepia. Mwaka 1954, Mpango wa Swynnerton ulifungua njia kwa wakulima Waafrika kumiliki ng'ombe wa gredi na kupanda mazao ya biashara, na katika Nyeri uliandamana na kukusanywa upya kwa vipande vya ardhi wakati wa Hali ya Hatari. Tangu hapo, boma la Tetu ni la Friesian na Ayrshire, na hapa na pale Jersey.

Basi ng'ombe anayefika kwenye ndoano ya Wamagana huwa mmoja kati ya aina mbili. Yuko wa nyumbani: ng'ombe mzee ambaye maziwa yamekauka, au ndama dume ambaye hakuna aliyekuwa na haja ya kumlea. Na yuko wa kaskazini, Boran au zebu, aliyetoka nyanda za Laikipia na masoko ya mifugo kama Doldol, Isiolo na Oldonyiro, akashuka kwa lori kupitia Nanyuki.

Hawa wawili hawana mafuta yanayofanana. Boran aliyekomaa malishoni huhifadhi mafuta chini ya ngozi na kwenye nundu, na mbavu zake zina tabaka jeupe lililo imara. Ng'ombe mzee wa maziwa ana mafuta ya rangi ya manjano, na nyama yake imekaza kwa miaka ya kuzaa na kukamuliwa.

Wateja wengi huyakimbia mafuta ya manjano wakidhani mnyama alikuwa mgonjwa. Mara nyingi wanamwonea. Rangi ile ni karotini, ileile iliyo kwenye karoti, ambayo ng'ombe ameipata katika majani mabichi na kuiweka katika mafuta mwaka hadi mwaka. Jersey na Guernsey huihifadhi zaidi kuliko aina nyingine. Ng'ombe aliyekula nyasi kavu hana karotini nyingi, ndiyo maana mafuta yake ni meupe.

> Mafuta ya manjano mara nyingi ni alama ya majani mabichi na umri. Meupe si cheti cha afya.

Umanjano wa ugonjwa upo, na mkaguzi wa nyama huutafuta. Huo hauishii kwenye mafuta. Hupaka hata kano, utando na weupe wa macho. Kazi ya kuutambua ni ya mkaguzi aliye kichinjioni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, na mteja anachopaswa kutafuta ni muhuri wake.

Kisha kuna mwaka wenyewe. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023, zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa katika kaunti kame za Kenya. Waliobaki walikuwa wamekonda. Mla mbavu aliyedai mafuta wakati huo alikuwa akidai kitu ambacho mwili wa mnyama ulikuwa umeshakitumia ili uishi.

Kwa nini mbavu

Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, na si zote zina utamu mmoja. Za mbele, zilizojificha chini ya bega, ni ngumu na za supu. Za juu karibu na uti wa mgongo zina nyama nene na laini. Lakini walaji wa kweli hushuka chini, kuelekea kidari na tumbo, ambako mnofu na mafuta hupishana tabaka juu ya tabaka.

Misuli ya sehemu hiyo hufanya kazi kila mnyama anapovuta pumzi. Kwa hiyo ina kolajeni nyingi, ile tishu nyeupe inayofunga nyama kwenye mfupa. Ukiipika haraka, utatafuna hadi utaya uchoke. Ukiipa saa mbili au tatu za moto mdogo, kolajeni huyeyuka na kuwa jelatini, nyama huachia mfupa yenyewe, na mchuzi unashika midomo.

Mafuta nayo hubeba harufu. Sehemu kubwa ya kinachotufanya tutambue kwamba hii ni ng'ombe na ile ni mbuzi imo katika mafuta, wala haimo katika mnofu. Ndiyo sababu steki iliyosafishwa kabisa huhitaji vitunguu, nyanya, dania na pilipili kabla haijasema kitu, wakati ubavu unatosheka na chumvi.

Wapo wasioyaweza mafuta, na sababu yao haina uhusiano wowote na madaha. Mafuta ya ng'ombe huhitaji joto linalozidi lile la mwili wa binadamu ili yayeyuke kabisa. Wamagana mwezi Julai, sahani ikikaa dakika chache mezani, mafuta yanakuwa utando mweupe, yanang'ang'ania kaakaa na ulimi. Kwa mtu ambaye mdomo wake huisikia hali hiyo kwa nguvu, hakuna hoja ya utamu itakayomshawishi. Mwache na mnofu wake.

Wenye kuchemsha wanalijua hili vizuri kuliko wenye kuchoma. Mbavu za kuchemsha huletwa na supu yake ikitoka moshi, huliwa na ugali au mukimo wa moto, na mtu hazungumzi mpaka amalize. Za kuchoma hukatwa juu ya ubao, kachumbari kando, na nusu yake hupoa wakati wa mazungumzo. Kwangu mimi, ubavu wa ng'ombe mzee wa Tetu ni wa sufuria. Makaa yaachiwe mnyama mchanga.

Neno la daktari

Desemba 2018 serikali ilipoanza majaribio ya mpango wa afya kwa wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Kila moja ilichaguliwa kwa mzigo wake. Mzigo wa Nyeri ulikuwa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la damu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya, wa umri wa miaka 18 hadi 69, ana shinikizo la juu la damu. Ni vigumu kukaa katika matanga ya Nyeri siku hizi bila kusikia magonjwa haya yakitajwa.

Je, mbavu zina kesi ya kujibu? Zinayo. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za mbavu fupi mbichi za ng'ombe wao zina takriban gramu 36 za mafuta na kalori 388. Karibu gramu 16 za mafuta hayo ni yale mazito, yanayopandisha lehemu katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linasema mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22 tu.

Ng'ombe wa Marekani hunoneshwa kwa mahindi kwa miezi mingi, na wa kwetu hula nyasi, hivyo ubavu wa Wamagana kwa kawaida una mafuta machache kuliko huo. Lakini hakuna anayekwenda buchari kula gramu 100. Watu wawili hupimiwa kilo.

Kuna pia moto. Mafuta yakidondoka juu ya makaa, moshi unaopanda hurudi kwenye nyama ukiwa na kemikali ambazo nyingine zinahusishwa na saratani. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na nyama za kiwandani kama soseji katika kundi la vinavyosababisha kwa hakika. Ubavu uliowekwa pembeni ya makaa, usiungue wala usichuruzikie motoni, ni tofauti na ule unaowaka ndimi za moto na kuitwa mtamu kwa sababu umekuwa mweusi.

Maasai anayetajwa kila mara

Ukiyasema haya mezani, kuna mtu atawataja Wamaasai: mbona wanakula mafuta na maziwa na hawafi kwa moyo? Hoja hiyo ina mizizi katika utafiti wa kweli. Mwaka 1964, daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika. Lehemu yao ilikuwa ya chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache, ingawa chakula chao kilijaa mafuta ya mnyama.

Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamaasai waliokufa. Mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa imepanuka, na damu ilipita. Yeye alidhani sababu ni mwendo wa maisha yao yote nyuma ya mifugo.

Anayeitumia hoja ya Maasai akiwa amefika buchari kwa bodaboda, na atakayerudi kwa bodaboda, ameichukua nusu ya utafiti. Aliyepanda na kushuka miteremko ya Tetu na gunia la majani chai mgongoni ana haki ya kuitaja.

Kilo moja, ladha mbili

Ladha ya mtu haiwezi kuamuliwa na mwandishi wala na daktari. Kinachoweza kuamuliwa ni namna nyama inavyouzwa, na hapa ndipo nina malalamiko.

Buchari nyingi za miji yetu zina bei mbili: ya nyama ya mfupa na ya steki. Ndani ya nyama ya mfupa, mbavu, shingo, bega, kidari na muundi vyote ni bei moja. Uamuzi wa nani apate nini unabaki kwa mwenye panga, na wateja wanaofahamiana naye hupata kilicho bora.

Wenye buchari wana hoja nzito. Wananunua ng'ombe mzima, mifupa yake na mafuta yake. Steki huchukuliwa na hoteli na wapishi wa sherehe. Mwenye buchari akibaki na shingo na muundi bila mnunuzi, faida ya mnyama imeisha, na si kila buchari ina friji ya kuhifadhi. Kuchanganya ndiko kunakomwezesha kumaliza ng'ombe kabla ya Jumatatu. Msimu wa bonasi ya majani chai, mwezi Oktoba, kila kitu hununuliwa. Ni miezi mingine ndiyo inayomtesa.

Lakini kuchanganya si njia pekee. Maduka makubwa ya mijini huweka bei kwa kila kipande, na vipande vya mfupa mwingi huwa rahisi. Mama anayetaka kuchemshia watoto supu angechukua shingo kwa bei ndogo na kushukuru. Mla mbavu angelipa thamani ya mbavu. Mwenye shinikizo la damu angepata mnofu wake bila kubembeleza na bila kubebeshwa mafuta ambayo daktari amemkataza.

> Mgonjwa aliyeambiwa apunguze mafuta hawezi kutii ikiwa kila kilo inakuja na mafuta asiyoyaagiza.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tunawashauri watu kliniki, kisha tunawatuma sokoni ambako ushauri huo haununuliki kwa bei wanayoiweza. Steki ni ghali kuliko nyama ya mfupa. Kwa familia nyingi za Tetu, hiyo ndiyo sababu pekee ya kuchukua kilo iliyochanganywa.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti usimamizi wa vichinjio vya kaunti na wa biashara ya haki. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka. Nguvu za kusimamia uuzaji wa haki zipo tayari, na maafisa wapo.

Kwa wapenda mbavu wenzangu, ombi langu ni hili: zirudisheni kwenye nafasi yake ya sherehe. Zichemsheni kwa subira, engueni mafuta yanayoelea juu, jazeni nusu ya sahani kwa sukuma wiki, managu au kabichi, na siku nyingine za wiki mle githeri. Kwa wapenda mnofu: msimwite mwenzenu mjinga kwa kupenda kile ambacho bibi yake alipewa alipojifungua.

Na kwa wenye buchari wa Wamagana, Nyeri, Karatina na Nanyuki: bandikeni ukutani bei ya kila kipande, mbavu peke yake, shingo peke yake, bega peke yake, na mkate mbele ya mteja. Haihitaji sheria mpya wala fedha za kaunti. Inahitaji karatasi, kalamu na nia, na inaweza kuanza Jumamosi ijayo.